Kabla ya kumnunulia mzazi kompyuta, tumsikilize



Juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa baba yangu mjini Likasi, ilikaa kwa muda wa miezi kumi na minne kompyuta ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Wageni walidhani ni radio. Kila Jumamosi Mama aliipangusa vumbi, kisha akarudisha kitambaa mahali pake. Baba hakuigusa. Tulikuwa tumeinunua sisi watoto wake watano kwa mchango, ikiwa mpya ndani ya sanduku lake, na siku ya kumkabidhi tulipiga picha nyingi. Aliyeichagua ni mimi. Kwa hiyo maneno ninayowaandikia leo hayahusu kwanza makosa ya watu wengine.

Naandika kwa sababu nimeona jambo jema likianza katika vikundi vyenu. Baadhi yenu mmepata kazi, wengine mna ndugu walio ng'ambo, nanyi mnataka kuwapatia wazazi wenu wazee chombo cha kuwasaidia kusoma, kuandika na kuonana na wajukuu walio mbali. Shauri hilo huja hasa mwezi wa saba, karibu na Siku ya Mababu, Nyanya na Wazee, ambayo Papa Fransisko aliiweka mwaka 2021 ili iadhimishwe kila Dominika ya nne ya mwezi huo. Ni shauri zuri. Lakini zawadi nzuri yaweza kugeuka mzigo. Maoni yangu ni haya: kompyuta ndogo ya bei nafuu, au ordinatere kama tusemavyo mjini, yatosha kabisa kwa mahitaji ya mzee, na mara nyingi yamfaa kuliko ile ya bei kubwa. Lakini haitamfaa kitu ikiwa imechaguliwa bila kumsikiliza mwenyewe, wala ikiwa hakuna mtu aliye tayari kuketi kando yake.

Kosa langu

Baba ana umri wa miaka 81. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa karani, akiandika barua na orodha za mishahara kwa mashine ya kuandikia. Vidole vyake vilijua mahali pa kila herufi bila macho kutazama. Nilipokwenda dukani nilijiambia hivi: mzee hahitaji mambo makubwa, basi nitafute iliyo ndogo, nyepesi na mpya. Nikapata moja yenye kioo cha inchi 11, iliyoingia nchini kwa njia ya Kasumbalesa. Bei yake, dola 190, ilinipendeza. Sikuuliza neno jingine.

Siku ya kwanza Baba aliketi mbele yake kwa furaha, akanyosha vidole kama zamani, akajaribu kuandika neno "amani". Kwenye kioo likatoka "q;qni". Akajaribu tena, likatoka vilevile. Sababu ni rahisi. Sisi wa nchi hii tulifundishwa kuandika kwa mpangilio wa herufi uletwao na Wabelgiji na Wafaransa, uitwao AZERTY. Mashine zinazotoka Zambia, Afrika ya Kusini au Dubai huja kwa kawaida na mpangilio wa Kiingereza, QWERTY. Humo A na Q zimebadilishana mahali, Z na W pia, na M imehama mstari. Kwa kijana hilo ni jambo la siku mbili. Kwa mtu aliyeandika miaka thelathini bila kutazama ni sawa na kuingia nyumbani kwake usiku na kukuta milango imehamishwa. Baba alidhani ni yeye aliyesahau. Hakusema neno, akasimama, akaenda kuketi nje.

Baadaye yakafuata mengine. Kichwa cha chaja kilikuwa na meno matatu bapa ya mtindo wa Kiingereza, nasi nyumbani tuna matundu mawili ya mviringo. Tukanunua kiungo kilicholegea baada ya juma moja. Ghala la ndani la mashine lilikuwa la gigabaiti 32 tu, likajazwa na programu zake zenyewe kabla Baba hajaweka hata ukurasa mmoja. Herufi zilikuwa ndogo kama za karatasi ya dawa. Ndipo kitambaa cheupe kikawekwa.

Lakini kosa kubwa halikuwa ndani ya mashine. Nililijua siku nilipomwuliza, kwa sauti isiyo nzuri, kwa nini ameiacha bure fedha ya watoto. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, mliniletea mashine, mkanionyesha yote inayoyaweza. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini."

Nikamwuliza. Alikuwa na mambo matatu. La kwanza, alitaka kuandika kumbukumbu ya ukoo wetu: majina ya waliozaliwa na waliokufa tangu babu yetu alipotoka Moba kuja kutafuta kazi ya mgodi, na mahali walipozikwa. La pili, alitaka kuona nyuso za mdogo wangu aliye Ubelgiji na watoto wake kwenye kioo kilicho kikubwa kuliko cha simu. La tatu alilisema kwa sauti ya chini. Alitaka kujisomea mwenyewe ujumbe anaopelekewa. Kwa kuwa herufi za simu zilimshinda, alikuwa akimpa mjukuu, au mtoto wa jirani aliyepita, amsomee. Kwa njia hiyo ugonjwa wa Mama, fedha iliyotoka Ulaya, hata ugomvi wa dada zangu wawili, vilijulikana avenyu nzima kabla yeye hajapata muda wa kuvifikiria. "Mtu akizeeka," aliniambia, "hata siri yake husomwa na mtoto wa jirani."

Maneno hayo yaliniingia. Sisi tulidhani tunampelekea starehe, kumbe yeye alikuwa akihitaji kurudishiwa mlango wa chumba chake.

Kuuliza kwanza

Nawaomba basi, kabla ya kuingia duka lolote, mwulizeni mzazi, na mfanye hivyo zaidi ya mara moja. Mzee aweza kusema mara ya kwanza kwamba hahitaji kitu, kwa sababu hataki kuwatia watoto gharama. Ketini naye juma zima, mtazame: anamwita nani amsaidie, na kwa jambo gani? Anasogeza karatasi mbali kiasi gani ili aisome? Andikeni mambo hayo katika daftari. Orodha hiyo ndiyo itakayochagua mashine, si mwuzaji wala rafiki ajuaye sana.

Yawezekana pia orodha ikawaambia msinunue kompyuta. Baada ya Baba nilimwuliza na Mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria isipokuwa kwa kupangusa vumbi. Alitaka kusikiliza nyimbo za kwaya na sauti za wajukuu, basi. Kwake simu yenye kioo kikubwa na sauti yenye nguvu inatosha, na kumpa kompyuta kungekuwa kumsumbua. Na kama mzazi anakosa dawa ya shinikizo la damu au miwani ya kusomea, fedha iende kwanza kwenye dawa na miwani.

Historia ya karibu yatufundisha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte wa Marekani alionyesha kompyuta ndogo iliyokusudiwa watoto wa nchi maskini, iliyoahidiwa kwa bei ya dola 100. Ilipotoka kiwandani bei yake ilikaribia dola 200. Nchi nyingi ziliipokea, pamoja na jirani zetu wa Rwanda. Huko Peru uchunguzi uliofanywa katika shule za vijijini, ukatangazwa mwaka 2012, haukuona kwamba matokeo ya hesabu na lugha yalipanda kwa sababu ya mashine hizo. Mimi niliyesomea ualimu sishangai. Chombo kikitangulia kufika na mwalimu akabaki nyuma, mwanafunzi hubaki na chombo tu. Likiwa kweli kwa mtoto mwenye macho mapya, ni kweli zaidi kwa mzee.

Mambo ya kutazama dukani

Ikiwa orodha yahitaji kompyuta kweli, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama yangu.

Tazameni kwanza mwili wa mzee. Kioo cha inchi 14 au 15 chafaa kuliko cha inchi 11, hata kama mashine itakuwa nzito kidogo, maana haitatembea, itakaa mezani. Kioo kisichorudisha mwanga wa dirisha huchosha macho kidogo. Kila kompyuta ya siku hizi yaweza kukuzwa herufi zake, na hilo lifanyike siku ya kwanza, mbele ya mzee, mpaka yeye aseme basi. Nunueni pia kipanya cha waya: mkono unaotetemeka hauwezi kutawala kile kibao cha kuteleza vidole, na kipanya cha bei ndogo kitamwondolea aibu nyingi. Kibodi iwe ile aliyoizoea. Kama hakuwahi kuandika kwa mashine, basi yoyote itamfaa, lakini iwe na herufi zinazosomeka.

Tazameni pili umeme wa nyumbani, si ule wa dukani. Katika miji yetu umeme huondoka bila kuaga. Kompyuta ya kubeba ina betri yake, kwa hiyo mzee hapotezi kazi aliyoianza. Kompyuta ya mezani hufa papo hapo, isipokuwa mkiinunulia betri ya akiba. Chaja nyingi za kompyuta za kubeba ni za wati 45 au 65, kiasi ambacho hata nyumba yenye mtambo wa jua wa wastani yaweza kukitoa. Someni maandishi madogo kwenye chaja: yakionyesha volti 100 mpaka 240, yafaa kwetu. Na mmzoeze mzee kuchomoa chaja umeme unapokatika, kwa sababu unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Kuna kijana mmoja aliyeniuliza juu ya Raspberry Pi, ile kompyuta ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ndogo kama kadi. Mwaka 2020 ilitoka aina iitwayo Raspberry Pi 400, ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi, na ipo hata ya mpangilio wa Kifaransa. Ni chombo cha kusifiwa, hula umeme kidogo sana, na kwa nyumba yenye televisheni ya kisasa na mtambo wa jua naweza kuishauri. Lakini haina kioo wala betri, na huweka mambo yake kwenye kadi ndogo inayoweza kuharibika umeme ukikatika ghafula. Kwa vijana wanaojifunza ni shule nzuri. Kwa mzee anayeishi mahali penye umeme wa mashaka, naona kompyuta ya kubeba iliyokwisha kutumika ni bora.

Tazameni tatu yaliyomo ndani. Nilimweleza Baba kwa lugha ya ukarani, nanyi mwaweza kuitumia. Kuna meza ya kufanyia kazi, ambayo wauzaji huiita RAM, na kuna kabati la kuhifadhia. Meza ikiwa ndogo, karani huhangaika na karatasi. Gigabaiti 4 ni meza finyu, gigabaiti 8 yampa nafasi. Kabati la gigabaiti 128 latosha kabisa kwa mzee, ila liwe la aina iitwayo SSD, isiyo na sahani inayozunguka. Ukiona mashine ya zamani inayochelewa kuamka, mara nyingi tatizo ni ile sahani. Fundi akiibadilisha kwa SSD, mashine huwa kama mpya. Kabati la gigabaiti 32, kama lile nililolinunua mimi, mliache.

Tazameni nne programu inayoiongoza mashine. Tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza kwa kawaida Windows 10, na masoko yetu yamejaa mashine zenye programu hiyo. Windows 11 nayo haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa zile zenye ubongo wa Intel, kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo ulizeni kizazi kabla ya kuuliza bei. Lakini mashine iliyokataliwa na Windows 11 haijafa. Zipo programu za bure na halali, kama Linux Mint na Ubuntu, na kwa kuandika ipo LibreOffice, nayo ni ya bure. Jambo moja tu: hakikisheni kwanza kwamba njia ya kuonana kwa video ambayo familia yenu huitumia inafanya kazi humo. Kuhusu Chromebook, ni nyepesi na huamka upesi, lakini hutegemea sana intaneti, na kila moja ina tarehe ambapo Google huacha kuitunza. Iliyotumika yaweza kuwa karibu na mwisho wake. Tarehe hiyo huonekana katika mipangilio yake. Itazameni kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu mahali pa kununua, msione haya kununua iliyotumika. Maofisi ya Ulaya hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, zikiwa bado zina nguvu. Ile tuliyompatia Baba mara ya pili ilitoka Ubelgiji, inchi 14, herufi za AZERTY, gigabaiti 8, kwa dola 150. Lakini msinunue kwa haraka. Iwasheni wenyewe. Ichomoeni chaja, muiache ifanye kazi nusu saa kwa betri. Bonyezeni kila herufi, moja baada ya moja. Jaribuni kamera, sauti, na matundu ya pembeni. Fungueni na kufunga kifuniko. Mwuzaji akikataa mojawapo ya hayo, amekwisha kuwajibu. Na mashine ikifunguka kwa jina la mtu mwingine, huku mwuzaji hajui neno la siri wala hana karatasi yoyote, iacheni hata ikiwa rahisi namna gani. Hatuwezi kutimiza amri ya nne kwa kuvunja ya saba.

Kuna sababu nyingine ya kutodharau mashine iliyotumika. Betri za kompyuta nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika udongo wa nchi yetu, mathalani kule Kolwezi, ambako vijana wa umri wenu hushuka mashimoni. Vipande vingine vidogo vya ndani vina madini yatokanayo na koltani ya Kivu. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya desturi ya kutumia na kutupa. Sisi Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kumsikia. Kilichochimbwa kwa jasho la ndugu zetu kikirudi kwetu kikiwa bado kizima, tukitengeneze, tukitumie mpaka mwisho.

Kuketi kando yake

Sasa nafika kwenye gharama kubwa kuliko zote, ambayo haiandikwi dukani. Ni saa zenu.

Nimefundisha watoto na watu wazima miaka mingi, nami nawaambia kwamba kosa la kwanza la kijana anayemfundisha mzee ni kunyakua kipanya. "Acha nikufanyie." Neno hilo laonekana kuwa la upendo, lakini humwambia mzee kwamba hawezi. Mikono yenu ikae magotini. Mzee akosee, arudie. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, humtaka mtoto awe mvumilivu kwa mzazi hata pale akili za mzazi zinapopungua. Na kwa hakika akili za Baba hazikupungua. Ni sisi tulioharakisha.

Fundisheni jambo moja kwa siku moja, si zaidi. Siku ya kwanza, kuwasha na kuzima. Siku ya pili, kuandika mistari mitatu na kuihifadhi. Mzee aandike hatua katika daftari kwa mkono wake na kwa maneno yake, si kwa maneno yenu. Katika daftari la Baba, neno la kuhifadhi ni "kutia kabatini", nalo halijamkosesha hata mara moja. Juu ya kioo acheni alama chache tu, zile za mambo aliyoyataka. Baba ana nne. Zimeni programu zinazopakua mambo zenyewe, maana mega tunazinunua kwa hesabu, na zisiishe usiku mzee akiwa amelala. Mkitaka kumpa kitu cha kusoma bila intaneti, ipo programu iitwayo Kiwix, inayoweza kuhifadhi ndani ya mashine kamusi elezo ya Wikipedia, ya Kifaransa au ya Kiswahili.

Mwonyeni pia juu ya wadanganyifu. Mwambieni waziwazi kwamba hakuna mtu wa haki atakayemwomba namba ya siri ya fedha zake za simu, hata akijiita mtumishi wa benki, hata akijiita mjukuu aliyepata ajali. Na neno la siri la mashine liandikwe, litiwe katika bahasha, likae mahali anapopajua yeye na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe.

Sitawaambia kwamba mambo yote yalikwenda vema. Kuonana kwa video kulimchukua Baba ziara sita, na hata leo hupaza sauti kana kwamba Ubelgiji ni ng'ambo ya mto. Mwezi wa tatu alifuta kurasa nne za kumbukumbu ya ukoo kwa kosa, akanyamaza siku nzima. Tangu hapo kila Dominika jioni tunanakili kazi yake kwenye kifaa kidogo cha USB, kinachokaa pamoja na rozari yake. Ile mashine ya kwanza tulimpa binti wa dada yangu anayejifunza Kiingereza. Alitia Linux Mint ndani, akakuza nafasi kwa kadi ya pembeni, naye ameridhika nayo. Haikuwa mbaya. Haikuwa ya Baba tu.

Kumbukumbu ya ukoo sasa ina kurasa 31. Neno "amani" hutoka "amani".

Shauri langu kwenu ni jepesi. Kila kikundi cha vijana katika parokia kichague wazee wachache wa shirika lake walio na kompyuta au simu zilizofunikwa vitambaa, na vijana wawili wawili watoe saa moja kwa juma, mzee yuleyule, siku ileile. Msianze kwa kuchanga fedha. Anzeni kwa kuuliza. Pengine mtagundua kwamba mashine ipo tayari, na kinachokosekana ni mtu wa kuketi.

Mwezi uliopita nilifika Likasi bila kutoa habari. Nilimkuta Baba mezani, akisoma kitu kwenye kioo, miwani ikiwa imeshuka puani. Aliponiona alifunga kifuniko polepole, akanikaribisha, akamwita Mama alete maji. Sikumwuliza alikuwa akisoma nini.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika nyumba yetu, ni nani humsomea mzee ujumbe wake? Je, mzee mwenyewe amemchagua?

2. Tukumbuke zawadi moja tuliyompa mzazi. Tuliichagua kwa mahitaji yake au kwa fahari yetu?

3. Ni wazee gani wa shirika letu tunaoweza kuwatembelea saa moja kwa juma, na ni nani kati yetu atakayekwenda?